Naomba ushauri: mteja anataka picha ya boti "Mimi" ya 1915

Brashi_Mwenge
Wakuu, salaam. Nachora hapa Mwenge, kazi zangu nyingi ni Wamasai na twiga wa kuuzia watalii, sitawaficha. Sasa kuna mama wa Kigoma ana nyumba ya wageni, kaagiza picha kubwa ya Mimi, ile boti ya mbao ya Waingereza iliyopigana na Wajerumani Ziwa Tanganyika. Picha nilizopata ni nyeusi na nyeupe, ndogo. Nikichora, mara inatoka mtumbwi wa dagaa, mara inatoka meli ya Zanzibar. Halafu mama anataka mzinga ufyatuke kwa ubavuni, moshi mwingi. Mnasemaje?

Fundi_Msasani
Kijana, anza na kipimo. Mimi na mwenzake Toutou zilikuwa na futi 40 kwa 8, yaani urefu mara tano ya upana. Mchoro wako ukiweza kulaza watu wazima saba kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), uko sawa. Mistari ya mbao iache. Mkangazi ukishapigwa msasa na kupakwa rangi, huoni ubao mmoja mmoja, unaona mwanga unavyoteleza ubavuni. Chora kwanza ule ukingo wa juu: unaanza juu omoni, unashuka taratibu kuelekea nyuma. Ukitumia rula hapo umechora kabati. Nenda Magogoni saa za jioni ukaangalie boti za fiba zikikata maji: omo inanyanyuka, tezi inakaa, na povu halianzii puani kabisa, linaanzia nyuma kidogo.

Binti_wa_Ujiji
Kaka, la mzinga mkatalie mama kwa adabu. Mzinga ulikuwa omoni, na kuupiga kwa usalama ilibidi boti imwelekee adui. Ungepigwa kwa pembeni, kishindo kingeweza kuivunja boti yenyewe. Ndiyo maana mapigano yale walikuwa wanageuza boti nzima ili walenge. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka Kingani, boti ya Wajerumani, namna hiyo, wakaitengeneza na kuiita Fifi. Februari 1916 wakaizamisha nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Kwa hiyo mchore ikija upande wa mtazamaji, mshazari kidogo. Na tafadhali usiweke minazi. Kwetu ni michikichi.

Brashi_Mwenge
Hahaha, dada, minazi nilikuwa nimeshaiweka miwili, naifuta. Ya mzinga imenisaidia sana, maana ikija mshazari hata ule urefu unajibana na kitambaa kinatosha. Mzee wangu, shikamoo, Magogoni nakwenda kesho. Swali lililobaki: mama anataka na meli ya Liemba ionekane kwa mbali. Ile si ndiyo Götzen ya Wajerumani, ililetwa vipandevipande kupitia bandari yetu hapa Dar?

Binti_wa_Ujiji
Ndiyo hiyo hiyo. Ila Mimi haikuwahi kupigana nayo. Kama mama anang'ang'ania, iweke bandarini Kigoma, ndogo kabisa, na bei iongeze.

Fundi_Msasani
Marahaba. Nenda na penseli tu, rangi utakuja kupaka nyumbani.