Laki nane mkononi: laptopu mpya ya kwenye boksi au mtumba wa ofisini? Mpwa anaanza chuo Dodoma

Mjomba_Kondoa

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Mpwa wangu amepata nafasi Chuo cha Mipango hapa Dodoma. Kwenye kikao cha familia kila mtu alitaja atakachotoa, mzigo wa laptopu ukaniangukia mimi. Nina laki nane. Siyo laki nane na kidogo, ni laki nane kamili, na begi litoke humohumo.

Leo nimezunguka mchana kutwa, kuanzia Jamatini hadi mitaa ya jirani na soko la Majengo, nimerudi na tatu kichwani:

1. Mpya, bado iko kwenye nailoni yake. Prosesa ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, hifadhi GB 64. Laki sita na tisini, waranti mwaka mmoja.
2. HP EliteBook 840 G3, mtumba. Core i5, RAM 8, SSD (hifadhi ya kasi) 256. Laki nne na nusu.
3. Lenovo ThinkPad T480, mtumba pia. Core i5, RAM 8, SSD 256. Laki saba na ishirini, na muuzaji amekaza.

Mimi moyo uko kwenye mpya. Dada yangu, mama wa mtoto, akiona mikwaruzo atasema nimemuokotea mwanawe. Lakini kijana wa duka lenye ile mpya, bosi wake alipotoka kidogo, alininong'oneza, "Mzee, hii usichukue." Nisaidieni.

Ngongona_Chumba12

Mjomba, huyo kijana Mungu ambariki.

Mwenzangu wa chumbani alikuja na ya namna hiyo mwaka wa kwanza. Ile 64 siyo SSD, ni eMMC, hifadhi ya polepole, na imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuitoa ukaweka kubwa. Windows ikishakaa inakula zaidi ya GB 20, weka Office, weka PDF za semista moja, halafu siku Windows inataka kujisasisha inakosa nafasi. Alikuwa anafuta picha za nyumbani kwao ili sasisho lipite. RAM nayo nyingi za bei hiyo hazina pa kuongezea. Akifungua Chrome yenye kurasa tano na Word, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi.

Sasa anaandikia kwenye yangu.

MamaZabibu

Mnamtisha mjomba wa watu. Na mimi niseme la upande wangu.

Nilinunua mtumba wa ofisini kwa ajili ya hesabu za biashara. Dukani ilikuwa inang'aa, imepanguswa hadi unajiona. Nyumbani, umeme ulipokatika mara ya kwanza, ikazima papo hapo kama taa. Betri ilikuwa jina tu. Nikarudi dukani, nikaambiwa betri haimo kwenye makubaliano. Betri nyingine nikanunua, ikadumu miezi minne. Ukijumlisha, nilishapita bei ya mpya. Mtoto wa chuo hana muda wa kuzunguka kwa mafundi, na waranti ya mwaka ni mwaka mzima wa kulala usingizi. Mikwaruzo hata mimi siipendi, lakini hilo ni la moyo tu.

Fundi_wa_Ubao

Mama, pole. Kilichokuumiza ni kununua bila kupima. Mpya ya Celeron nayo betri yake inachoka, tofauti ni kwamba inachoka ukiwa na risiti mkononi. Mjomba, nakuandikia kwa urefu kwa sababu maswali haya nayajibu dukani kila siku ya Mungu.

Kwanza hizo mbili za mtumba usizilinganishe kwa neno "Core i5". Hilo ni jina la ukoo. Soma namba inayofuata baada ya kile kimstari. 840 G3 utakuta kitu kama i5-6300U: hiyo 6 ya mwanzo ni kizazi cha sita. T480 utakuta i5-8250U au 8350U: kizazi cha nane. Hiyo ya kizazi cha sita ina viini (vitengo vya kufanyia kazi) viwili, hizo za nane zina vinne. Kubwa zaidi, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia kizazi cha nane. Ukiona G3 dukani ina Windows 11, ujue imepitishwa mlango wa nyuma. Inafanya kazi, ndiyo, ila siku yoyote inaweza kukataa sasisho kubwa, na wa kulaumiwa utakuwa hunaye. Kama mtoto yuko tayari kutumia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, G3 kwa laki nne na nusu ni mali. Kama hayuko tayari, usimlazimishe katikati ya semista. Ukitaka HP ya kulingana na T480, tafuta 840 G5.

Pili, kupima betri. Usikubali "inakaa saa nne, mkuu". Laptopu ikiwa imewaka, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, halafu andika:

powercfg /batteryreport

Itakwambia imehifadhi ripoti wapi. Ifungue. Tafuta "Design capacity" na "Full charge capacity". Ya kwanza ni uwezo betri ilipozaliwa, ya pili ni uwezo wa leo. Kama ilizaliwa na 46,000 na leo inashika 18,000, hapo unanunua mashine pamoja na bei ya betri nyingine, kwa hiyo bei ishuke. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje inayochomoka kwa vidole, ripoti itakuonyesha zote. Raha yake ni kwamba ya nje ukiichomoa mashine haizimi, ya ndani inashika zamu.

Tatu, izime, iwashe ukigonga F1 kwenye ThinkPad au F10 kwenye HP, uingie kwenye mipangilio ya mashine yenyewe (BIOS). Ikidai nenosiri na muuzaji halijui, mrudishie kwa adabu uondoke. Hiyo bado ina mwenyewe.

Nne, chaja. Geuza usome. T480 inataka 20V na 3.25A, yaani wati 65, ya USB-C. Ile nyepesi kama boksi la kiberiti usiiamini hata ikiandikwa hivyo. Chomeka chaja kwenye tundu zote mbili za USB-C uone kama zinapokea, zitikise kidogo. Halafu aingie Lenovo Vantage, programu ya Lenovo wenyewe, apakue masasisho yote, hasa la Thunderbolt, teknolojia iliyomo kwenye tundu la USB-C. Lenovo wenyewe walilitoa kama sasisho la lazima kwa ThinkPad za miaka hiyo, kwa sababu bila hilo tundu la USB-C linaweza kufa.

Kwa ufupi wa fundi: namba 3.

Mwl_Mpwapwa

Kwa nini asichukue Chromebook au tableti yenye kibodi? Nyepesi, betri inakaa siku nzima, bei nusu. Mimi maandalio ya masomo yote nafanya humo.

Ngongona_Chumba12

Mwalimu, kwa maandalio sawa. Lakini huyu anasoma mipango, atakutana na ramani. ArcGIS, programu ya ramani, inataka Windows, na hata mwenzake QGIS ambayo ni ya bure haikai kwenye tableti hivihivi. Na Chromebook za mtumba zina tarehe ya mwisho ya kusasishwa, nyingi zinazofika huku zimeshaipita.

Mwl_Mpwapwa

Nimeelewa. Naondoa hoja.

MamaZabibu

Fundi, hiyo amri nimeijaribu sasa hivi kwenye yangu. Ilizaliwa na 50,000, leo 11,300. Wacha nikae kimya.

Fundi_wa_Ubao

😂 Mama, ilete tu.

Ila mjomba, hujauliza la matunzo na ndilo linalonilisha. Dodoma adui namba moja wa laptopu ni vumbi, maji na wizi vinafuata. Kuanzia Juni mpaka mvua zianze mwishoni mwa mwaka, upepo wa huku unaujua. Hosteli dirisha wazi, laptopu juu ya godoro, matundu ya chini yanavuta hewa kupitia shuka. Wiki iliyopita nimefungua moja ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kati ya feni na zile pezi za shaba za kutolea joto palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, rangi ya udongo wetu, unakishika kwa kibano kinatoka kizima. Mwenyewe alikuwa anaambiwa prosesa imezeeka anunue nyingine. Prosesa haikuwa na tatizo lolote, ilikuwa inajipunguza kasi isiungue.

Dalili: feni inapiga kelele hata ukisoma PDF tu, upande wa tundu la hewa unachoma mkono, mashine inakuwa nzito baada ya dakika kumi ilhali ukiiwasha tu ilikuwa nyepesi. Ukiona hivyo usikimbilie kupiga Windows upya.

Kusafisha, mara mbili kwa mwaka inatosha: moja kiangazi kikikolea, moja mvua zikianza. Zima, chomoa chaja, toa betri ya nje. Ya ndani kwenye ThinkPad inazimwa kwenye mipangilio ileile ya F1, "Disable Built-in Battery". Fungua mfuniko wa chini. Feni ishike kwa kijiti cha meno isizunguke, ndipo upulize kwa blowa ndogo au usugue kwa brashi laini. Ukiiacha izunguke kwa upepo wa blowa unaweza kuharibu bearingi zake. Na tafadhali, siyo kompresa ya gereji. Ile inatema maji, nimeshaona ubao ulioota kutu kwa sababu ya rafiki mwenye gereji.

Mezani, siyo kitandani. Hana meza, aweke ubao au hata trei ya chai ngumu chini yake. Ikizimwa ifunikwe, kipande cha kanga kinatosha. Ila ikiwa imewaka isifunikwe!

Umeme: ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, hesabu dakika tano ndipo uchomeke. Chaja yenyewe imeandikwa 100 hadi 240V, inavumilia umeme mdogo, kinachoiua ni ule mruko wa umeme unaporudi. Betri isikae asilimia mia usiku na mchana, Vantage ina sehemu ya kuiwekea mpaka wa 80. Na siku touchpad ikianza kunyanyuka au mfuniko ukawa haufungi sawasawa, betri imevimba. Hapo haichajiwi tena, inaletwa kwa fundi siku hiyohiyo.

Kizota_Kwetu

Niongeze moja, flashi. Mwaka wa tatu nilikwenda kuchapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo kwenye steshenari. Nikachomeka, nikachapa, nikalipa, nikarudi chumbani. Nafungua flashi: mafaili yote yamekuwa shotikati, ukibonyeza hakuna kitu, na laptopu nayo imeshaambukizwa. Nililia, sitanii, kesho yake ilikuwa siku ya kukabidhi.

Jirani akanionyesha kuwa mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Ukishaua kirusi kwa antivirusi, unafungua cmd unaandika (kama flashi yako ni E):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Yakarudi yote. Tangu siku ile flashi ya steshenari ni moja, haina kitu kingine, na nikirudi naisafisha kabla ya kuifungua. Na kazi zote naweka Google Drive, wanatoa GB 15 bure, kwa Word na PDF humalizi mpaka unahitimu. Bando likiwa dogo unapandisha usiku ukiwa kwenye waifai ya chuo.

Ngongona_Chumba12

Hapo kwa steshenari umenikumbusha maumivu. Mjomba, na RAM 8 siyo mwisho, T480 ina nafasi mbili za RAM. Bumu (pesa ya mkopo wa chuo) likitoka anaongeza nyingine ya 8, ramani zinafunguka bila sala.

Mjomba_Kondoa

Wakuu nimerudi, naleta mrejesho, maana kuna tabia ya kuomba ushauri humu halafu mtu anapotea.

Nimekwenda leo asubuhi na mpwa mwenyewe. Nikamwambia muuzaji nataka kupima betri. Akasema, "Betri nzima kabisa, mzee." Nikasema sawa, niruhusu niandike neno moja. Nikaandika huku mpwa ananisomea herufi kutoka kwenye simu. Ripoti ikafunguka. Ya ndani: ilizaliwa na karibu 24,000, leo 20,600. Ya nje: karibu 24,000, leo 7,900. Nikaigeuza laptopu ile namba imwangalie. Hakubisha. Alikaa kimya kidogo, akaita bei mpya mwenyewe kabla sijafungua mdomo: laki sita na nusu.

F1 nikagonga, haikudai nenosiri. Chaja nikasoma, 20V 3.25A, tundu zote mbili zinapokea. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nimeidai, na namba ya laptopu imeandikwa humo. Begi elfu thelathini na tano, flashi mbili, moja nimeiandika kwa kalamu "STESHENARI". Chenji inasubiri betri ya nje.

Dada kaiona jioni. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye mkwaruzo wa pembeni, kama nilivyowaambia. Akaupangusa kwa pindo la kanga, haukutoka. Akaupangusa tena. Kisha akaniuliza kama na huo mkwaruzo nao niliuombea punguzo.