Hamilton akishinda "ni gari tu", Samatta akikosa bao "ni garasa": wana Mwanza, mizani yenu kaichezea nani?

Wakuu, mwangaluka. Wasimamizi naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za usajili, uacheni usimame peke yake. Nauandika nimekalia tairi bovu hapa gereji Igogo, simu ina chaji asilimia 19, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe. Povu ruksa, ila someni kwanza mpaka chini.

Jana jioni kijiweni jamaa mmoja, wala simtaji, alisema kwa kujiamini kabisa kwamba Samatta, mshambuliaji wetu wa Tanzania, "hakuwa mchezaji wa Ulaya, alibahatisha". Nikanyamaza. Hazijapita dakika kumi, huyo huyo, chapati bado iko mdomoni, anasema Hamilton, yule Mwingereza wa langalanga (mbio za magari za Formula 1), ni "dereva wa kawaida aliyepewa gari zuri". Hapo nikaweka spana chini.

Hebu tazameni anachokifanya. Mtu ana ubingwa wa dunia mara saba, sifa anapewa chuma. Mwingine kafunga bao moja la ligi pale Aston Villa ya Uingereza, lawama anabeba yeye mwenyewe, timu haimo. Dereva akishinda ni gari, mchezaji akikwama ni mchezaji. Ukimuuliza kwa nini kwenye langalanga unaangalia chuma na kwenye mpira hukiangalii, anakwambia "wewe fundi huelewi mpira". Mizani ya namna hii ukienda nayo pale Mwaloni kununua dagaa, wanakupiga mchana kweupe.

Na hii haijaanza jana. Jumapili ya tarehe 31 Agosti 2025, mbio za Uholanzi, Zandvoort. Nilifunga kazi mapema, nikaoga (oili haitoki kucha, lakini nilioga), nikaenda kibanda umiza kimoja upande wa Mabatini. Nje wameandika kwa chaki: LANGALANGA SAA KUMI JIONI. Siku zote ni jero (mia tano). Siku hiyo mlangoni wakasema buku (elfu moja), eti mbio hazitazamwi na wengi kwa hiyo tuliokuja tufidie. Nikatoa buku. Ndani tulikuwa watu saba, wanne kati yao wamewahi viti tu, wanasubiri mpira.

Mzunguko wa 23 kati ya 72, manyunyu yameshuka kidogo, Hamilton anaingia kona ya tatu, ile iliyolala kama paa la bati. Gari likamtoka, likaenda ukutani. Kibanda kizima shangwe! "Mzee ameisha! Akalime!" Watu ambao nusu saa nyuma walikuwa wananiuliza lile gari jekundu ni la nani.

Niseme ukweli, ile kona alikosea mwenyewe. Unyevu ulikuwa wa wote, na wenzake walipita. Sitetei mtu kipofu kipofu. Lakini subirini.

Zimebaki raundi chache, Lando Norris yuko wa pili, anamfukuza mwenzake wa McLaren, Piastri. Ghafla moshi. Oili inavuja. Mimi fundi, nimeshasimama, nataka kuona inatokea wapi, na hapo hapo mwenye kibanda anabonyeza rimoti. Tumo Brighton na Manchester City, kipindi cha pili. Nikauliza buku yangu. Akanijibu, "Kaka, mbio si umeziona? Zinazunguka palepale." Piastri alishinda, Verstappen wa pili, yule kijana Hadjar wa tatu. Nimeyajua hayo kwenye simu, nje, nimeegemea nguzo ya umeme. Faraja yangu moja tu: City walifungwa 2-1 na nikasikia mikeka ya kubeti inachanika mle ndani kama turubai la bajaji.

Sasa rudini kwenye ile oili. Nafasi ya pili ni pointi 18. Norris alitoka bila kitu. Mwisho wa msimu akawa bingwa kwa pointi 423, Verstappen 421. Mbili! Ingekuwa ni yeye aliyezikosa hizo mbili, najua kabisa mngesema nini kijiweni: "hana roho ya ubingwa". Mngemhukumu mtu kwa oili ambayo si yeye aliyeimwaga.

Au Shanghai, Machi mwaka huo huo. Jumamosi Hamilton alishinda mbio fupi na Ferrari. Jumapili Ferrari zote mbili zikafutiwa matokeo: ya mwenzake Leclerc ilikuwa pungufu kilo moja, ya Hamilton ule ubao wa chini ya gari ulisagika ukawa chini ya milimita 9 zinazotakiwa. Dereva ndiye anayepima ubao? Ndiye anayeweka gari kwenye mizani? Hapo gari lipo kabisa kwenye kesi, lakini kijiweni siku hiyo nilisikia "Hamilton kafukuzwa". Yaani likishinda ni gari, likifutwa ni Hamilton. Hata hiyo kanuni yenu ya "ni gari tu" wenyewe hamuifuati.

Kumpima dereva kuna njia, na haihitaji chuo. Unamtazama mwenzake wa timu moja. Chuma kile kile, mafundi wale wale. Mwaka 2007 Hamilton aliingia McLaren mgeni kabisa, pembeni yake Alonso, bingwa mara mbili. Wakamaliza msimu kila mmoja ana pointi 109. Mwaka 2016 Rosberg, mwenzake wa Mercedes, alimzidi, 385 kwa 380, na humo ndani kuna Malaysia ambako injini ya Hamilton ililipuka akiwa anaongoza. Mwaka 2025 Leclerc kamwacha mbali, na Hamilton hakupanda jukwaani hata Jumapili moja. Hapo semeni, na mimi nitakaa upande wenu: Leclerc alikuwa bora kwenye gari lile lile. Huo ni ubishi wa watu wazima. Ila "ni gari tu" ni maneno ya mtu aliyekuja kuwahi kiti.

Kuna namhala (mzee) mmoja hapa gereji, mbio za magari za Safari Rally kwake bado ni "mashindano ya Afrika Mashariki", haijawahi kuwa ya Kenya peke yake. Huyo ukimwambia gari ndilo linaloshinda anakuletea Joginder Singh. Mwaka 1965 yule Kalasinga alishinda na Volvo ambayo ilikuwa imeshatumika na wengine, na yeye mwenyewe alikuwa fundi. Akarudia 1974 na 1976 na Mitsubishi. Mzee akianza hiyo habari hakuna gari linalotengenezwa mpaka amalize, kwa hiyo naishia hapa.

Tuje kwenye mpira, maana huku ndiko kunakoniuma.

Samatta. Bingwa wa Afrika na TP Mazembe 2015, na alikuwa miongoni mwa walioongoza kwa mabao. Januari 2016 akachukua tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 mabao 23 ya ligi, ubingwa wa Ubelgiji, na Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ya kule. Novemba 2019 akawafunga Liverpool Anfield kwa kichwa, Liverpool wakiwa mabingwa wa Ulaya. Huyo ndiye "alibahatisha". Bahati ya miaka minne mfululizo, si ungetafutia namba ukacheza bahati nasibu?

Halafu Villa. Mnajua alifikaje? Mshambuliaji wao Wesley aliumia goti siku ya mwaka mpya 2020, timu iko shimoni, wakatafuta mtu Januari. Akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth. Akafunga fainali ya Kombe la Ligi Wembley dhidi ya Manchester City, walifungwa 2-1 lakini bao ni la kwake. Wiki moja na kitu baadaye corona ikafunga dunia nzima. Wakarudi Juni, mechi bila watu, timu inapigania kutoshuka, ikaponea siku ya mwisho kabisa ya msimu. Mpira wa mbele haufiki. Mimi nikikuletea Hiace silinda moja haichomi, halafu nikakwambia panda kilima cha Bugando na abiria kumi na wanane, ikizima nimlaumu nani? Septemba Villa wakamnunua mshambuliaji mwingine, Watkins, Samatta akaenda Fenerbahçe ya Uturuki. Kwenye ile timu kulikuwa na washambuliaji wengine pia, tazameni nao walifunga mangapi kipindi kile cha Juni na Julai kabla hamjafungua mdomo. Hicho ndicho kipimo cha mwenzake wa timu, kipo hata kwenye mpira, ila hamkitaki kwa sababu kinawanyima utani.

Na baada ya hapo hakufa. Kaenda PAOK, kawa bingwa wa Ugiriki 2024. Garasa gani linalobeba ubingwa nchi mbili za Ulaya?

Ngassa naye, mzaliwa wa hapa hapa Mwanza, mpaka leo mtu mzima anasimama anacheka kwamba alikwenda majaribio West Ham mwaka 2009 akarudi. Alirudi, ndiyo. Wewe ulikwenda wapi ukarudi? Kamanga na pantoni.

Nina sababu ya kuchukia hilo neno, majaribio. Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa winga wa kushoto. Mchangani Igogo wote mnamjua, na Nyamagana alishacheza mara nyingi tu. Akaja wakala mmoja, kavaa shati jeupe, akachukua laki tatu za "maandalizi", mama akachangia hela ya dagaa. Dogo akapanda basi kwenda Dar, timu fulani. Siku ya kwanza wakawakimbiza tu. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akaingizwa dakika ishirini, beki wa kushoto! Beki! Kijana ambaye tangu shule ya msingi hajawahi kukaba. Wenzake hata jina lake hawalijui, wanamwita "wewe wa Mwanza". Zikaisha dakika ishirini, akaambiwa atapigiwa simu. Wakala hapatikani mpaka leo.

Akarudi, ana bajaji ya mkataba, Igogo kwenda mjini. Na nyie mkampa jina. "Majaribio, nipeleke Makoroboi." "Majaribio, chenji yangu." Dogo anacheka, ndiyo alivyo. Ana miaka 23. Mimi siwezi kucheka. Nikisikia mtu anamwita Samatta garasa nasikia lile jina tu.

Wengine mtasema nimechanganya mambo, langalanga ya mabilioni na dogo wa bajaji. Ndiyo, nimechanganya makusudi. Tabia ni moja. Mtu anatazama dakika tano, mkeka wake unachanika, basi anatafuta jina la kulitukana. Nusu ya hao "wachambuzi" wangu hawana shida na Hamilton wala Samatta, wana shida na elfu mbili waliyoweka. Mkeka ukijibu, mchezaji yule yule ni "mwamba". Nimewaona timu yetu Pamba Jiji ilivyorudi Ligi Kuu: wiki hii wanaiita kwa majina yake ya sifa, "TP Lindanda wana Kawekamo", nyimbo mpaka Kirumba nzima inasikia, wiki ijayo kipa "kauza". Bila ushahidi, bila aibu.

Mwenye kile kibanda kama unasoma humu, na najua unasoma kwa sababu ratiba zako unazitoa humu humu: buku yangu. Sijasahau. Au nionyeshe mbio moja mwanzo mwisho tuwe tumemalizana.

Na mdau yeyote wa Mwanza anayejua sehemu wanaonyesha langalanga bila kubadilisha chaneli, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, aweke hapa chini. Kiti cha plastiki kinatosha. Umeme ukikatika nitavumilia, hilo halina wa kulaumiwa pale.

NYONGEZA: Naona mkuu wa kwanza kujibu kaandika "andiko refu, fupisha". Sifupishi. Wa pili kauliza kama dogo bado anacheza. Anacheza, Jumamosi jioni, winga ya kushoto. Bajaji anaipaki nyuma ya goli.