Mkurugenzi mpya anataka mfumo wa kompyuta badala ya malori: naomba ushauri

Mjumbe_wa_Bodi: Habari za jioni, wakuu. Mkurugenzi mpya wa kampuni yetu ya usafirishaji, aliyekulia kikazi katika simu na kompyuta, anataka fedha tulizotenga kwa ajili ya malori zinunue mfumo wa kupanga safari na kufuatilia mafuta. Mhasibu mkuu anapinga. Bodi inakutana karibuni, nami sipati usingizi.

Fundi_Waya: Msikilizeni. Michael Joseph, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Safaricom, alisomea uhandisi wa umeme, na chini yake kampuni hiyo ilizindua M-Pesa mwaka 2007. Anayeujua mtambo haogopi kuuwekea fedha.

Mzee_wa_Gati: Hatari iko hapo hapo, kwani mtu hutafuta dawa kwenye kabati alilolizoea. Mhandisi Pat Gelsinger alirudi Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, mwaka 2021 kumrithi mkurugenzi mkuu Bob Swan, mtu wa fedha, akaelekeza mabilioni ya dola kwenye viwanda vya chipu. Aliondoka Desemba 2024, vile vya Ohio vikiwa bado havijaanza uzalishaji. Bosi wangu wa zamani naye alitununulia kompyuta ambazo tulizifunika vitambaa mpaka akastaafu.

Binti_Hesabu: Mfumo huo unauzwa na nani?

Mjumbe_wa_Bodi: Sioni linahusiana vipi.

Binti_Hesabu: Linahusiana sana, mkuu.

Mjumbe_wa_Bodi: Unauzwa na kampuni aliyowahi kuiongoza, na ndiyo sababu anaufahamu vizuri. Zabuni haikutangazwa kwa kuwa muda ulikuwa mfupi. Malipo ya awali nimeshayaidhinisha, lakini ni sehemu ndogo tu.

Mzee_wa_Gati: Kumbe kura umeshapiga, sasa unatafuta wa kukupigia makofi.

Ustaadh_Mpole: Ndugu yangu, mali ya wanahisa ni amana.

Popo_wa_Usiku: Wakuu, mnamfanyia mtu mtihani wa utawala bora. Mkurugenzi mtaalamu, mhasibu mbishi, mgongano wa maslahi: vyote vimekaa kama vilivyo kitabuni. Kama kampuni ipo kweli, lori lenu hutumia lita ngapi kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma?

Mjumbe_wa_Bodi: Kampuni ipo. Matumizi hayo hatujawahi kuyapima, na ndiyo maana tunauhitaji mfumo.

Binti_Hesabu: Mkurugenzi mwenye uzoefu wa kweli angeanza kwa kuujaribu kwenye malori machache. Nanyi kama hamjapima, makisio ya mafuta mtakayookoa mliyapata wapi?

Mjumbe_wa_Bodi: Kwa muuzaji.