Naomba ushauri: naanza fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) baada ya kutolewa plasta gumu, nitegemee nini?

Fundi wa Kibirizi:
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni fundi wa mitumbwi hapa Kigoma. Nilianguka na bodaboda nikavunjika kifundo cha mguu wa kulia, nikafungwa plasta gumu kwa wiki sita, na sasa limetolewa. Mguu umenywea, ngozi inabanduka, na kifundo hakikunjiki, ilhali kazi ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za mtumbwi, hufanyika kwa kuchuchumaa. Daktari ameniandikia fiziotherapia pale hospitali ya Maweni, lakini mama mkubwa anashikilia kwamba kukandwa kwa maji ya moto na mawese kunatosha. Siku ya kwanza inakuwaje, na maumivu ni ya kiasi gani?

Mwalimu wa Gungu:
Pole sana, ndugu. Siku ya kwanza, kwa sehemu kubwa, ni ya kuulizwa na kupimwa. Beba picha za eksirei na karatasi ya daktari, na uvae bukta pana. Mimi nilisimamishwa nikitazama ukuta, nikaambiwa nisukume goti liuguse bila kisigino kuinuka, kisha mtaalamu akapima kwa rula umbali uliobaki kati ya kidole gumba na ukuta. Kipimo hicho hurudiwa, hivyo maendeleo unayaona mwenyewe kwa sentimita. Jambo kubwa zaidi ni kuwaeleza kazi yako kama ulivyotueleza sisi, kwa sababu ukisema tu kwamba mguu unauma, utapangiwa mazoezi ya mtu yeyote, si ya fundi anayechuchumaa.

Mnyoosha Viungo, Tabora:
Nafanya kazi hii ya fiziotherapia, na naongezea kwamba kliniki ni mahali pa kufundishwa na kurekebishwa, bali kazi yenyewe hufanyika nyumbani, kila siku. Wapo wanaosubiri tarehe ya kliniki ndipo wakunje mguu, halafu wanalalamika kwamba tiba haisaidii. Maumivu ya kuvutika yanayotulia kabla ya kesho yake ni ya kawaida. Lakini ukiamka uvimbe umeongezeka, punguza mazoezi na utoe taarifa. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa. Vilevile muulize daktari kama umeruhusiwa kukanyagia uzito wote. Ukipewa gongo moja, lishike kwa mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, ingawa wengi hudhani ni kinyume.

Fundi wa Kibirizi:
Nashukuru sana. Je, mama mkubwa nimwambieje?

Mnyoosha Viungo, Tabora:
Usimkatalie. Kupakwa mafuta kwa upole hulainisha ngozi, mradi hakuna kidonda, na maji yawe ya vuguvugu tu, maana ngozi iliyokaa ndani ya plasta huungua upesi. Kinachokatazwa ni mtu kuuvuta au kuupinda mguu kwa nguvu. Hata hivyo, kukandwa hakurudishi misuli. Misuli hurudishwa na kazi. Kwa hiyo akishamaliza kukupaka, kaa kitini, inua mguu, na uchore herufi zote hewani kwa kidole gumba, goti likiwa limetulia, kabla kifundo hakijapoa.