Mrejesho: Saa ya tatu nimeshainunua

Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita niliomba ushauri kuhusu saa yangu ya tatu, iwe Omega Speedmaster ya kutia ufunguo kwa mkono au Tudor Black Bay 58, nami nawashukuru wote mlionijibu, hata yule aliyenishauri ninunue ng'ombe.

Nilikata maduara mawili ya boksi, moja la milimita 42 kama Speedmaster na jingine la milimita 39 kama Tudor, nikayafunga mkononi kwa zamu. Lile kubwa lilifunika mkono wote, nikajua kwamba Speedmaster hainifai, ingawa habari ya kufika kwake mwezini mwaka 1969 ilikuwa imeniteka. Hata hivyo, kilichomaliza ubishi ni maji, kwa kuwa kila wiki napanda boti Kibirizi, huku Kigoma, kwenda vijiji vya ziwani, na mara nyingi tunashuka maji yakiwa magotini. Speedmaster ina kiwango cha kuhimili maji cha mita 50 tu, ilhali Tudor ina mita 200, na kitufe chake cha kutilia ufunguo hukazwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa.

Muuzaji wa kwanza alikataa kunionyesha namba ya saa pamoja na hati ya dhamana, hivyo nilimwacha nikangoja wiki sita zaidi. Tudor niliyoipata ina mkwaruzo mdogo kwenye pete inayozunguka kioo, na inatangulia sekunde tatu kwa siku, jambo ambalo halinisumbui.

Speedmaster bado naitamani, lakini nasubiri kwanza mke wangu asahau bei ya hii.