Je, aliyepata C ya Hisabati anaweza kuwa mwalimu mzuri wa somo hilo?

Mhitimu wa EGM
Shikamooni walimu wangu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na ninakusudia kusomea ualimu wa Hisabati na Jiografia. Hisabati nilipata C. Kinachonishughulisha zaidi ni wanafunzi: katika shule nyingi za kata, mtoto hufika kidato cha pili akiwa amekwisha kujihesabu miongoni mwa wasioweza, na mtihani ukija huandika namba yake kisha akaiacha karatasi tupu. Je, mtoto wa namna hiyo hurejeshewaje imani, na je, C yangu itanikwamisha?

Mwalimu wa Sekondari, Iringa
Marahaba, mdogo wangu. C haikuzuii, soma tu mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka unaoomba. Utakapokwenda mazoezi ya kufundisha utagundua kwamba kulijua jibu ni jambo moja, na kujua kwa nini mtoto amelikosa ni jambo jingine. Chukua nusu kujumlisha theluthi. Wengi watakuandikia 2/5, kwa kuwa wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Ukiweka mkasi (alama ya X) na kuwaamuru watafute KDS (kigawe kidogo cha shirika), watatii bila kuelewa. Mwulize aliyeandika hivyo: kati ya 2/5 na nusu, ipi kubwa? Akishaona kwamba 2/5 ni 0.4, na kwamba alianza na nusu, akaongeza kitu, kisha akaishia na pungufu ya nusu, atalikataa jibu hilo mwenyewe kabla hujamwambia kuwa amekosa. Aliyewahi kujisahihisha hivyo haogopi tena ubao kama zamani.

Mama Hesabu
Mwalimu amesema vyema, ila darasa la wanafunzi sabini na kipindi cha dakika 40 haviruhusu mazungumzo hayo kwa kila mmoja. Mimi hutoa swali, wakalijadili wawili wawili, ndipo nimwite mmoja aeleze walichokubaliana. Akikosa, kosa ni la wote wawili. Tena tusisahau lugha. Aliyetoka shule ya msingi ya serikali amejifunza Hisabati kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza anakutana na maswali ya maneno kwa Kiingereza, hivyo mara nyingi kinachomshinda ni kulielewa swali, wala si kukokotoa. Humtaka alieleze kwanza kwa Kiswahili, ijapokuwa mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ataujibu kwa Kiingereza. Na fimbo kwa jibu lisilo sahihi, kwa maoni yangu, humfundisha mtoto kunakili kwa jirani tu.

Mhitimu wa EGM
Nawashukuru sana. Na yule wa kidato cha pili asiyejua hata jedwali la kuzidisha, nimsubiri ilhali ninadaiwa kumaliza mada?

Mwalimu wa Sekondari, Iringa
Usimsubiri, wala usimwache. Tenga dakika chache za mwanzo wa kipindi kwa ajili ya msingi unaohitajika siku hiyo tu. Ikiwa leo mnatafuta vigawo vya x² + 7x + 12, anzeni kwa kuorodhesha jozi za namba ambazo zao lake ni 12, kisha waulize ni jozi ipi yenye jumla ya 7. Jedwali zima litamlemea, lakini jozi za 12 atazimudu leo, na 3 na 4 atazipata pamoja na wenzake.