Hali ya njia iliyotangazwa Jumamosi haikuwa ya kweli, na joki wa namba 6 mnamlaumu bure

Ndugu wanajamvi,

Nimesoma nyuzi zote zilizofunguliwa tangu Jumamosi jioni kuhusu mbio ya tatu ya farasi, ambayo namba 6 alishindwa na namba 11 akachukua ushindi, na nimekaa kimya hadi leo kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa bado na uchungu wa mkeka (tiketi ya kubeti) uliochanika. Uchungu haujaisha, ila sasa ninajua nimwelekezee nani. Karibu kila mchangiaji amemkalia kooni joki (mpanda farasi) wa namba 6: huyu anasema alilala, yule anasema aliuza mbio, na mmoja amefikia kuandika kwamba mtu huyo hafai kukabidhiwa hata punda. Mimi niliweka dau kwa namba 6 huyohuyo, mtamba (farasi jike mchanga), nikaliwa kama ninyi, na bado nasema joki hana hatia. Waliotukosea ni uongozi wa uwanja, waliotangaza asubuhi kwamba njia, yaani ardhi ya nyasi wanayokimbilia farasi, ni "nzuri, ngumu kiasi baadhi ya sehemu", ilhali usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wameimwagilia maji na kuusogeza uzio wa ndani bila kumwambia mtu yeyote.

Nilikuwa nimesimama kwenye uzio, kama hatua hamsini kabla ya mstari wa kumalizia. Farasi wa mbio ya kwanza walipopita mbele yangu, mabonge ya udongo yaliyoshikana na nyasi yalikuwa yakiruka juu ya kofia za majoki, na bonge moja lililoangukia upande wetu lilikuwa na ukubwa wa kiganja. Nililiokota na kulibana, likatoa maji. Njia ngumu kiasi haitoi bonge la aina hiyo. Hutoa vumbi, au vipande vidogo vinavyopukutika. Wale majoki waliingia wakiwa na suruali nyeupe wakatoka nazo za rangi ya chai. Nikaangalia muda wa mshindi: mbio hiyo ni ya mita 1,400, nayo ilimalizika kwa zaidi ya sekunde 5 juu ya muda wa kawaida wa uwanja ule kwa farasi wa daraja hilo.

Kabla hamjaniambia kwamba muda peke yake hauthibitishi kitu, naomba niwapigie hesabu ya uzio, kwa sababu hata mimi nilianza kwa kuwatetea. Baada ya mbio niliitembelea kona na kupima kwa hatua zangu kutoka kwenye alama za zamani za nguzo hadi uzio ulipo sasa, nikapata kama mita 6. Kona ile ni nusu duara. Ukiusogeza uzio nje kwa mita 6 kwenye nusu duara, unaongeza umbali wa mita 6 mara 3.14, yaani karibu mita 19. Urefu wa farasi mmoja ni kama mita 2.4, kwa hiyo tunazungumzia takribani urefu wa farasi wanane ulioongezwa kwenye mbio bila kuandikwa popote katika ratiba. Kwa kasi yao ya takribani mita 16 kwa sekunde, mita hizo 19 zinakula sekunde 1 na kidogo. Zile sekunde nyingine 4 zimeliwa na udongo. Nipo tayari kusahihishwa na mwenye kipimo bora kuliko miguu yangu, lakini hata mkinipunguzia nusu ya hesabu hiyo, njia ile haikuwa "nzuri".

Kuna wachangiaji wapya ambao wameuliza kwa nini tunapigia kelele neno moja tu la tangazo. Ni kwa sababu neno hilo ndilo linaloamua kama kazi yote ya wiki nzima ina maana au haina. Anayebeti farasi kwa kusoma huanza na nasaba: anamtazama baba, anamtazama mama na baba wa mama, anatazama ndugu waliozaliwa tumbo moja walifanya nini na kwenye njia ya aina gani. Chukueni ukoo maarufu kuliko wote wa zama hizi, unaoanzia kwa Northern Dancer, aliyezaliwa Kanada mwaka 1961 na kushinda Kentucky Derby, mbio kubwa ya Marekani, mwaka 1964, ukapita kwa Sadler's Wells, kisha Galileo, kisha Frankel. Kwa Sadler's Wells wafuatiliaji wa mbio za nyasi walizoea kuona watoto wasiotishwa na tope, na hadi leo mtu akiona jina lake katika nasaba husogea karibu mvua ikinyesha. Kwa damu nyingine kilio huanza mawingu yakitanda tu.

Naye Frankel mwenyewe, ambaye alikimbia mara 14 na kushinda mara zote 14, anatufundisha jambo hilihili. Mwezi wa Juni 2012 pale Ascot, Uingereza, alishinda Queen Anne Stakes kwa urefu wa farasi 11. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, uwanja uleule, safari hii kwenye njia laini iliyolowa, alishinda mbio yake ya mwisho kwa pungufu ya urefu wa farasi wawili. Wapinzani hawakuwa walewale na umbali haukuwa uleule, nakiri, lakini kila aliyetazama aliona jinsi alivyolazimika kutafuta ushindi ule hatua kwa hatua. Ikiwa tope liliweza kumbana farasi wa kiwango hicho, mnategemea nini kwa mtamba wa miaka mitatu ambaye ndiyo kwanza anajifunza kazi?

Na mtamba wetu ni wa njia kavu kwa kila kipimo. Mama yake hakuwahi kumaliza ndani ya tatu bora kwenye njia laini. Kaka yake mkubwa alishinda mara mbili, zote kwenye njia ngumu. Mtazameni hata anavyokimbia: hainui magoti, anafagia nyasi kwa kwato ndogo zilizosimama, jambo linalompa kasi kwenye ardhi inayomrudishia nguvu na kumnyima kila kitu kwenye ardhi inayomeza mguu. Mshindi wa mbio ile, namba 11, ni kinyume chake, kwato pana kama sahani na magoti yanayopanda juu. Mwenye kuijua hali halisi ya njia saa mbili asubuhi asingehitaji hata kufikiri.

Hapo ndipo linapokuja suala la fedha, ambalo ndilo linalonifanya niandike kwa ukali huu. Asubuhi, tangazo la "nzuri" likiwa hewani, namba 6 alikuwa na odi (mara ngapi ya dau utalipwa farasi akishinda; hushuka wengi wakimbeti) ya 3.50 na namba 11 alikuwa na 15.00. Dakika ishirini kabla ya mbio, wakati tangazo bado ni lilelile, namba 6 alikuwa amepanda hadi 6.00 na namba 11 ameshuka hadi 7.00. Simtuhumu mtu kwa jina wala sidai kwamba nina ushahidi wa wizi. Inawezekana kabisa kwamba watu wenye macho waliona mabonge yaleyale niliyoyaona mimi. Lakini sisi tuliofunga mikeka asubuhi kwa kuamini neno la uwanja hatukuwa na mlango wa kutokea. Mkufunzi anao: Uingereza, kwa mfano, hali ya njia ikibadilika baada ya farasi kuthibitishwa kwamba atakimbia, mkufunzi anaruhusiwa kumwondoa farasi wake, na aliyembeti farasi huyo asubuhi hiyo hurudishiwa dau lake. Sasa mkufunzi wa namba 6 angemwondoaje farasi kwa mabadiliko ambayo rasmi hayakuwepo? Tangazo la kubadilisha hali ya njia kuwa "laini" lilitolewa baada ya mbio ya tatu, yaani baada ya mbio yetu. Msimamizi wa uwanja aliona tope lililoonekana na kila mtu tangu mbio ya kwanza, akasubiri.

Nirudi kwa joki, kwa kuwa ndiye mnayemsulubisha. Tazameni tena picha za kona ya mwisho. Mnasema alimtoa mtamba nje na kumpotezea umbali. Ni kweli alimtoa nje, na waliomtangulia wote walifanya hivyo, kwa sababu ukanda wa ndani ulikuwa umeshachimbwa na mbio mbili za awali. Joki mwenye akili hutafuta ardhi ambayo haijakanyagwa, hata kama ni mbali zaidi. Kisha, zikiwa zimebaki mita kama 400, mtazameni mguu wa nyuma wa kushoto wa mtamba: unateleza upande, kiuno kinashuka, na joki anarudisha mikono na kukaa kimya kwenye tandiko. Hapo ndipo mliposema ameuza mbio. Mimi nasema hapo ndipo alipomrudisha farasi mzima kwa mwenye farasi. Kama angenyanyua mjeledi wakati ule kwa ajili ya mkeka wangu, huenda leo tungekuwa tunajadili jambo jingine kabisa.

Wala msidhani kwamba nachochea kuhusu usalama. Pale Santa Anita, Marekani, kati ya mwisho wa Desemba 2018 na Machi 2019 walikufa farasi zaidi ya 20, katika msimu wa mvua nyingi, hadi mbio zikasimamishwa ili njia ikaguliwe. Sababu zilijadiliwa kwa mapana, ila hakuna aliyethubutu kusema kwamba hali ya njia ni jambo la pembeni. Kumwagilia kwenyewe silaumu. Njia ngumu kupita kiasi huvunja miguu, na mtunza uwanja anayeilowesha anafanya kazi yake. Ninacholaumu ni kuilowesha usiku na kuiita "nzuri, ngumu kiasi" asubuhi.

Niliwaandikia uongozi Jumapili. Jibu lilikuja Jumatatu, mistari miwili: kwamba hali ya njia ni tathmini ya msimamizi wa siku hiyo na kwamba wanathamini maoni yangu. Tathmini! Zipo nchi ambazo zimeacha zamani kumtegemea mtu anayekanyaga nyasi kwa kisigino na kutoa jina. Uingereza wana fimbo maalumu inayochomekwa ardhini na kuvutwa nyuma ili kupima ugumu na mshikamano wa udongo, na namba yake hutangazwa. Ufaransa wana penetromita, kifaa kinachopima jinsi ardhi inavyopenyeka. Australia hutoa daraja kwa namba kuanzia 1 kwa njia ngumu hadi 10 kwa njia nzito. Japani, tangu 2020, hutangaza kipimo cha jinsi nyasi zinavyofyonza kishindo cha kwato, pamoja na kiasi cha unyevu kwenye udongo. Hivi ni vipimo ambavyo mtu anaweza kuvihoji. Neno "nzuri" huwezi kulihoji.

Kinachokera zaidi ni kwamba waamuzi wanajua kuchunguza wanapotaka. Mwaka 2019 waamuzi wa Kentucky Derby walikaa zaidi ya dakika 20 wakitazama mkanda huku dunia nzima ikisubiri, kisha wakamvua ushindi Maximum Security kwa kuwazuia wenzake, na Country House, ambaye odi yake ilikuwa 65 kwa 1, akapewa. Mtu aweza kukubali au kukataa uamuzi ule, lakini uchunguzi ulifanyika na sababu ikatajwa hadharani. Jumamosi joki wetu aliitwa mbele ya waamuzi kueleza kwa nini hakumsukuma farasi wake hadi mwisho. Msimamizi wa uwanja hakuitwa na mtu.

Ninachodai ni kumbukumbu za umwagiliaji za usiku wa Ijumaa, pamoja na saa na kiasi cha maji, na maelezo ya maandishi kuhusu siku uzio uliposogezwa na kwa mita ngapi. Tayari nimeandaa barua ya pili, safari hii kwa mamlaka inayosimamia mbio badala ya uwanja, na hesabu ya kona nimeiweka humo. Aliyepiga picha za kona ya ndani kabla ya mbio ya tatu, hasa zinazoonyesha alama za zamani za nguzo, naomba aziweke hapa leo kabla ya usiku, maana nimesikia wameshaanza kuzifunika kwa mchanga. Na wale wawili waliomtukana mama wa joki wafute michango yao kwanza ndipo wanijibu.